Kiti cha Mashua ya Baba

Mume wangu anatengeneza saa, na mtaani wanamwita Nati kwa sababu hajui kuacha kukaza. Bomba la jikoni akilifunga yeye, mimi nalifungua kwa mikono miwili na maneno makali. Kuna chupa ya asali aliyoifunga mwaka juzi, iko kabatini mpaka leo. Ni mtu mwema, mfupi, mpole, na akishaamua jambo ni hilo hilo.

Kaka yangu ni fundi paa, na kwa urefu wake wanamwita Ngazi. Baba alipofariki alituachia mashua ndogo ya makasia aliyoiunda kwa mikono yake. Mimi maji nayaogopa, basi fungu langu nikampa mume wangu. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Ugomvi ulianzia kwenye kiti, yaani ubao mmoja uliolala kutoka ubavu hadi ubavu, ukashikwa kwa skrubu. Nati huvua asubuhi, Ngazi kuanzia adhuhuri. Nati aliusogeza mbele ili miguu yake ifike pa kukanyagia. Ngazi aliurudisha nyuma ili magoti yasimpige kidevuni. Kila siku skrubu zinatolewa, zinarudishwa. Wakarushiana maneno, wakanuniana, na miaka ikapita hawasemezani. Tukiwa meza moja kaka ananiambia, "Dada, mwambie mumeo asogeze chumvi." Na mume wangu, chumvi iko mbele yake, ananijibu mimi, "Mwambie kaka yako chumvi hii hapa." Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mashemeji wakigombana uchukue nini, hawakusema. Mimi nilichukua chumvi.

Mwisho matundu yakachoka. Skrubu zikawa zinazunguka tu bila kushika, na kiti kikawa kinacheza. Nati akamfuata fundi wa mashua pale gatini, nami nikiwepo, akafundishwa. Kwangua mbao iliyooza, panua tundu kwa drili, liache likauke. Changanya epoksi, ile gundi ya makopo mawili, tia unga wa mbao mpaka iwe nzito kama uji, jaza tundu. Kisha ingiza skrubu uliyoipaka nta, ili siku ukiitaka itoke.

"Na nisipopaka nta?" Nati akauliza.

"Basi haitoki tena."

Nikayaona macho ya mume wangu yanang'aa, nikajua hapa kuna neno.

Kesho yake asubuhi nilipompelekea chai gatini, mashua ikiwa imepandishwa nchi kavu, nilimkuta amekwisha kuyaziba matundu yote ya kaka yangu na kuyasawazisha kwa msasa. Kiti kilikuwa mbele, kwenye matundu yake yeye, na skrubu hata moja haikuonja nta.

"Epoksi haina shemeji," akaniambia.

"Kaka ameapa," nikamwambia. "Siku ukimfungia kiti, ataikata mashua katikati achukue nusu yake. Na msumeno anatembea nao."

"Hatakata."

Nilimjua kaka yangu. Atakata. Niliona kabisa kazi ya baba imekuwa vipande viwili vya kuni, na hao wawili hawatasemezana tena mpaka kaburini. Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, roho mkononi.

Ubao wenyewe nao ulikuwa na matundu yake, ya kishikio cha ndoana, ya kopo la chambo, ya mambo yaliyosahaulika. Nati kwa bidii akayajaza yote. Kisha, ili uzito wake ukandamize kiti gundi ikishika, akayakalia. Jua lilikuwa kali. Chai ilipokwisha akataka kunyanyuka, asinyanyuke.

"Vua suruali," nikamnong'oneza.

"Na ya ndani nayo imeshikwa."

Gati lilikuwa limejaa watu. Akasema hatoki pale uchi, afadhali azeeke amekaa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wangu aliingia na suruali yake nzuri.

Adhuhuri Ngazi akafika, msumeno begani. Akakiangalia kiti, akayatafuta matundu yake kwa kidole, asiyaone.

"Dada, mwambie mumeo anyanyuke."

"Mwambie kaka yako sinyanyuki."

Nikawaambia mimi leo simwambii mtu kitu, mdomo umechoka. Kaka akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Akatupa msumeno ndani ya mashua, akaisukuma majini pamoja na mume wangu, maana zamu ni zamu. Akajibana kwenye ubao ubavuni pake, magoti kidevuni. Kila mmoja akashika kasia lake.

Makasia mawili, watu wawili, na hakuna wa kumwambia mwenzake vuta. Mmoja akivuta mwingine anapumzika. Mashua ikazunguka, ikazunguka, kama kuku aliyekatwa kichwa. Watu gatini wakaacha kazi. Mimi nilicheka mpaka nilipoiona feri inakuja, kubwa, inapiga honi. Kicheko kikanikauka. Kaka angeweza kuruka akaogelea. Mume wangu alikuwa sehemu ya mashua.

Kaka hakuruka. Nilimwona anageuza shingo, anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena.

"Shemeji," akasema, na sauti ilifika mpaka pale nilipo, "vuta."

"Navuta, shemeji. Na wewe vuta."

Wakavuta pamoja. Feri ikapita, mawimbi yakawalowesha, na mashua ikarudi imenyooka.

Skrubu zilikataa kutoka, kama fundi alivyosema. Ikabidi Ngazi atumie msumeno, akaukata ubao kushoto na kulia kwa mume wangu, taratibu, akimuuliza kila mara, "Unaumia?" Ncha mbili za kiti zimebaki mbavuni mwa mashua mpaka leo, ngumu kama mwamba.

Tukaenda nyumbani. Nati alitangulia na kipande cha ubao matakoni, Ngazi nyuma yake karibu karibu kumsitiri, wakibishana kiti kipya kiwekwe wapi. Mimi nilifuata na msumeno. Njia nzima walipiga kelele, na hakuna aliyeniambia nimwambie mwenzake chochote. Nilishindwa kuyazuia machozi.