Kumhoji Mama Divine wa Niboye

Rehema ndiye aliyenifukuza Bukoba, sina namna nyingine ya kulisema. Sisi wawili tunatengeneza podikasti kwa ajili ya watengenezaji wenzetu wa podikasti, wale wasio na studio wala bosi. Tunawapa mbinu za kurekodi, tunawaletea habari za tasnia, tunawacheka kidogo, nao wanatucheka. Lakini habari za tasnia siku hizi ni moja tu: video. Majukwaa makubwa yanasukuma video, wadhamini wanauliza video iko wapi, na wasikilizaji wetu walikuwa wakipungua kila mwezi. Rehema naye alikuwa ameitwa kazini na kampuni moja ya video huko Mwanza.

"Kuna mama mmoja Kigali," akaniambia, "anatoa sauti tupu, na wenye maduka mtaani kwake hawafungui kabla hawajamsikia. Kamhoji. Ukirudi na mazungumzo yenye uhai, nabaki. Ukirudi na yale yetu ya kila siku, naenda Mwanza."

Alikuwa akitania nusu. Mimi niliiogopa ile nusu nyingine.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi, tukapita Biharamulo na Benako hadi Rusumo. Pale mpakani basi linahamia upande wa pili wa barabara na saa inarudi nyuma kidogo, kwa hiyo msafiri anaingia Rwanda akiwa amepewa muda wa bure. Mimi nilipewa muda, nikanyang'anywa mfuko. Maikrofoni yangu nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, nao kule ni marufuku. Ofisa alikuwa mpole kabisa.

"Hii shashi hapana," alisema akiufungua. "Kwetu haiko. Ila hii redio yako pita nayo."

Sikumsahihisha. Niliifunga ile redio kwenye sweta, nikaendelea.

Kigali nilishuka Nyabugogo, nikachukua pikipiki. Dereva alinivalisha kofia ngumu kwa uangalifu, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule, kisha tukapanda vilima na kushuka hadi Niboye. Mama Divine alinipokea getini. Ni mama wa miraba minne, muuza vitenge, aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha kule kilichokaa Kigali miaka mingi.

"Murakaza neza, Projest! Karibu, karibu sana," alisema, akinitazama juu hadi chini. "Kumbe wewe iko mwembamba kuliko sauti yako!"

Familia yake yote ikacheka, nami nikacheka nao. Nilipewa chai ya maziwa, maharage na ndizi, na chumba cha wageni. Nililala nikiwa na hakika kwamba Rehema haendi popote.

Ijumaa mchana aliniingiza kwenye stoo yake ya vitenge, anakorekodia kipindi chake. Wenzangu mnaohangaika kununua masponji ya kubandika ukutani, sikilizeni: majora ya vitenge yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, na mwangwi hakuna. Niliona wivu. Nikatega maikrofoni moja mbele yake, nikavaa hedfoni, nikazima mtandao wa simu, nikauliza kipindi kilianzaje.

Alianza vizuri. Wafanyabiashara wa mtaani kwake walikuwa na maneno mengi na hawakuwa na pa kuyasemea, hivyo akaanza kuwarekodia sauti fupi na kuzituma kwenye makundi yao ya simu. Mimi nikafuata kanuni niliyowafundisha wasikilizaji wangu tangu tuanze: mgeni akizungumza, funga mdomo, tikisa kichwa tu, sauti yako isije ikaharibu uhariri. Nikatikisa. Mama Divine akanitazama. Akaongea kidogo zaidi, sauti ikashuka. Nikatikisa kwa bidii zaidi, na tabasamu juu.

"Unasikia?" akauliza.

Nikatikisa.

"Uko mgonjwa?"

Nikatikisa kwa upande wa kukataa. Baada ya hapo kila swali lilipata jibu la sentensi moja. Mwishowe aliinuka, akasema, "Basi, ni hivyo tu," akaenda kuangalia sufuria yake.

Jioni nilimtumia Rehema kipande. Hakuchelewa kujibu.

"Projest, huyu mama anaongea kama anajibu polisi. Mwanza wanataka jibu Jumatatu."

Niliumia. Sikuwa nimewaza, mpaka dakika ile, jinsi nitakavyokuwa kwenye chumba chetu cha kurekodia nikiwa peke yangu.

Jumamosi asubuhi nilitaka kutoka nikamtafute mtu mwingine wa kuhoji, huko Nyakabanda ambako nilisikia kuna vijana wawili wenye kipindi cha mafundi. Nilifika getini na begi langu, nikakuta barabara tupu. Hakuna pikipiki, hakuna basi, duka halijafunguliwa hata moja. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo watu wote wanatoka kufanya kazi za mtaa na hakuna safari mpaka ziishe. Mimi, mtaalamu wa kupanga ratiba za kurekodi, nilikuwa sijauliza.

"Unaenda wapi na hiyo begi?" Mama Divine alikuwa ameshika majembe mawili. "Shika hii, sha," akasema, kwa lile "sha" lao la kuitana wenzao.

Tukaenda kuzibua mtaro pamoja na majirani. Maikrofoni imelala nyumbani, hedfoni sina, na mtu akikuzungumzia huku mnachimba, unajibu tu. Yeye akasema, nami nikasema "eee." Akasema tena, nikasema "wacha!" Hatujafika katikati ya mtaro, mama akawa amefunguka.

"Watu wananiambia niweke video," alisema, akitupa tope. "Video ya nini? Watu yangu wanafungua duka, mikono iko na kazi, macho iko na kazi. Sikio tu ndiyo iko bure."

"Eee!"

"Na mimi naifanya fupi, iishe mbele mteja wa kwanza hajafika. Na faili nyepesi, isimalize bando ya mtu. Muziki ya mwanzo nilitoa. Mtu alishaingia, unampigia ngoma ya nini?"

"Kweli kabisa!"

Kisha akanisimulia siku aliyougua koo, kipindi kisitoke. Saa za kufungua maduka zilipopita, watu walianza kuja getini kwake, mmoja na maziwa, mwingine na dawa ya kikohozi, wote wakiuliza kwa nini leo amewanyamazia. Alisimama na jembe mkononi akiwa analengwa na machozi, nami pia, tope limetujaa mpaka magotini.

"Mama," nikamuuliza, "hayo jana yalikuwa wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Jana ulikuwa unafanya kichwa hivi, hivi, kama mjusi. Hapa kwetu mtu akikupa habari unamwitikia: yego, eee, yego. Ukinyamaza ni kama umemwambia aache. Mimi nikasema, huyu mgeni maneno yangu haimpendezi, acha nimpikie tu."

Majirani waliosikia walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mkutano wa mtaa unaofuata umuganda ulipokwisha, tulirudi kwenye stoo ya vitenge, nikaazima maikrofoni yake tukawa na mbili, moja yake na moja ya kuitikia kwangu. Akayarudia yote, tukaongea mpaka Divine, binti yake, akaja kutuita mezani.

Jumapili nilirudi. Njiani nilifuta kichwani ile kanuni yangu ya kutikisa kichwa, na sasa nawaambia wenzangu hivi: kabla hujatega vifaa, wasikilize watu wa mahali hapo wanavyosikilizana, kisha wasikilize hivyo hivyo. Kama sauti yako inaingia, iingie.

Jumatatu asubuhi Rehema aliwasha kompyuta na programu yetu mpya inayosafisha rekodi bila kuambiwa. Ilifuta "eee" zangu zote, na Mama Divine akabaki kama anaongea na ukuta. Rehema alikunja uso, akazirudisha moja moja. Alipofika kwenye maziwa na dawa ya kikohozi, nikamsikia akiitikia kompyuta, "Eee! Halafu?" Simu yake ikaita. Walikuwa ni wale wa Mwanza. Akaikata bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Wanangoja jibu," nikasema.

"Nyamaza, Projest," akasema. "Mama hajamaliza."