Kicheko cha Modesta

Alois hakujijua kuwa na wivu mpaka Witness alipoanza kuja nyumbani kwao Kigurunyembe.

Mkewe, Modesta, alikuwa fundi cherehani. Aliugua maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za mwili huohuo. Mguu ulimlegea, lakini kilichomuumiza zaidi ni kichwa: alikuwa akianza shati anasahau alipofikia, mkono wa kulia anaushona kushoto. Alois akamwachia nduguye bustani ya kabichi mlimani, akashinda na mkewe. Alimshikia mkasi, akammalizia maneno. Majirani walimsifu, naye sifa zile zilimkolea.

Witness alikuwa binti mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yake ni kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake kwa njia mpya. Baada ya shikamoo, alizima redio, akapanga vipande vya shati kwenye vikapu kwa mfuatano wa kushona, akavifunika vyote ila kimoja.

"Mama, kabla ya kushona, taja kwa sauti unachoshona. Na upumzike kabla hujachoka."

Modesta akashika kipande, akakwama. Alois akafungua mdomo amsaidie.

"Subiri, baba. Mwache atafute mwenyewe."

Kisha Modesta akasema, "Kola!" akaangua kicheko. Kicheko kile Alois hakuwa amekisikia tangu Pasaka.

Walipobaki wawili Alois akamwambia mkewe, "Mimi si nilikwambia uzime redio? Ukaninunia."

"Wewe ulifoka."

Tangu hapo ikawa Witness kasema hivi, Witness kasema vile. Siku za Witness, Modesta alifunga kitenge kizuri. Alois yalimkaa rohoni. Asubuhi moja, mkewe akiwa anaoga, akabadilishanisha vikapu viwili, akijidanganya kwamba anapima kama somo limeingia.

Modesta akaketi, akafunua. "Mikono," akataja. Akasita, maana mikono huja baada ya mabega, na mabega hayakuwa yameungwa. Akataja tena, kisha akalia. Alois akamkimbilia. "Njoo nikushikie."

Modesta akavitazama vikapu, akamtazama yeye. "Umevihamisha wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, Alois?"

"Mbona kwake unacheka?"

Kesho yake Alois akampakulia uji. "Yule binti kazi yake itaisha, ataenda kwa wengine," Modesta alisema. "Lakini wewe ukinimalizia kila neno, nitabaki bila hata moja. Nenda shamba, mume wangu. Ukirudi utanikuta."

Alois akarudi kwenye kabichi zake. Mchana hukuta mashati yametundikwa. Mengine yamekosewa, na Modesta anayafumua mwenyewe, taratibu. Siku za Witness Alois huwatengea chai, akatoka kuchanja kuni uani. Kicheko kikivuma ndani, moyo humchoma vilevile. Huinua shoka, akaendelea kuchanja, asiingie.