Amehamia Makambako

Moshi wa kuni za miti ya miwati una harufu ambayo sijaikuta pengine popote. Ni mkali, unawasha macho, lakini ndani yake kuna utamu kidogo, na ukikutana na masweta yaliyolowa umande unatoa harufu ya darasa letu la kidato cha pili, Njombe, mwezi wa Juni. Watu wa nchi za joto wakisikia baridi ya Njombe wanadhani tunawatania. Waje. Waje wasimame mstarini saa moja na nusu asubuhi, nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, wakimsubiri mkuu wa shule amalize kujisifu. Jiko la shule lilikuwa nyuma ya darasa letu, na moshi wote ulikuja kwetu. Dawati langu nilikaa na Lusungu. Alikuwa msichana mrefu, wa Ipelele kule Makete, aliyeletwa Njombe kuishi na mama yake mdogo ili asome. Alikuja na mdogo wake, Zawadi, ambaye alikuwa darasa la tatu katika shule ya msingi jirani. Lusungu alikuwa na mkono mwepesi wa kufuma. Kiwiko cha kushoto cha sweta lake la bluu kilipotoboka alikiziba kwa uzi wa kijani, kwa sababu ndio uzi aliokuwa nao, akalivaa hivyo hivyo bila kumwogopa mtu. Kikumbukeni hicho kiraka.

Kuanzia mwezi wa nne Lusungu alianza kusema amechoka. Hakulia, hakugombana na mtu, alisema tu. "Eva, nimechoka." Nami nilimjibu, "Nani hajachoka?" nikaendelea kunakili notsi. Mwalimu wa darasa alimwambia dawa ya uchovu ni jembe, akamwongezea matuta katika shamba la viazi la shule. Mama yake mdogo alimwambia aombe. Sisi wanafunzi, mafundi wa kila kitu, tulimpa jina la Bibi. Bibi amechoka, mpisheni Bibi akae! Tulicheka sana, na mimi nilicheka pamoja nao huku bega langu likigusana na bega lake.

Jumatatu moja katikati ya Juni nilikaa dawatini peke yangu. Lusungu alikuwa amejiua. Naliandika neno hilo kama lilivyo kwa sababu watu wazima wote niliowajua walilikwepa kama kinyesi njiani. Namna alivyofanya siisemi, haimsaidii mtu. Sababu siijui mpaka leo, na wale wanaojifanya wanaijua ni waongo tu. Wengine walisema mapenzi, wengine mitihani, wengine uchawi wa kwao. Ninachojua ni kwamba alituambia amechoka, na katika watu wote wale, wasomi na wacha Mungu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza amechoka nini.

Mwalimu wa nidhamu tulimwita Mkia, kwa kuwa alimfuata mkuu wa shule kila alikogeuka. Ndiye aliyetukusanya mstarini. "Lusungu amehamia Makambako," akasema. "Mtu yeyote akiwauliza, ndani ya shule au nje, jibu ni hilo. Amehama." Mkuu wa shule alisimama pembeni, mikono nyuma, kisha akaongeza kwamba jina la shule hujengwa kwa miaka na hubomolewa kwa siku moja. Jina la shule! Shule yenyewe vioo vilikuwa vimevunjika na vyoo vilikuwa haviingiliki, lakini jina, lo, hilo lilikuwa la kulindwa. Na uongo wenyewe hawakuutafutia hata umbali. Makambako ni mwendo wa saa moja kwa gari, na hakuna nyumba Njombe isiyokuwa na ndugu kule. Wangesema hata Mwanza. Wakati huo mwili ulikuwa umeshapelekwa Ipelele. Wazee wa kanisa walikuwa wameamua kwamba kengele haitapigwa na kwaya haitakwenda, mtu wa namna hiyo huzikwa na wa kwao, kimya kimya. Katika kwaya hiyo hiyo Lusungu alikuwa ameimba sauti ya pili kwa miaka miwili. Zawadi aliachwa kwa jirani, eti mtoto hapelekwi kwenye msiba wa aina ile, naye akaambiwa yale yale tuliyoambiwa sisi: dada yako amehamia Makambako.

Kesho yake mwalimu wa darasa alipoita majina aliruka moja. Aliyekuwa namba kumi na tisa akawa namba kumi na nane, akaitikia "nipo" bila kukosea. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, nasi tukalitekeleza neno lao kwa bidii ambayo hatukuwa nayo kwenye hesabu. Wiki haikwisha, wasichana wakaanza kuanguka mapepo. Waliokuwa wakimwita Bibi ndio walioanguka kwa kishindo zaidi, kila mmoja akipiga kelele kwamba Lusungu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na hakuna kati yao aliyekuwa amemzika. Wakaletwa waombaji. Wakaomba mpaka jasho likawatoka katika baridi ile, wala hawakuambiwa wanaombea nini, maana Lusungu alikuwa amehama. Mwishowe ikasemekana pepo limo katika dawati letu. Nikahamishiwa jingine, Mkia akaagiza lile lipasuliwe kuni, likapelekwa jikoni. Hakuna aliyethubutu kulikalia dawati lile, lakini maharage yaliyoivishwa nalo tuliyala wote, na wapo walioomba kuongezewa. Na mimi niliyala.

Sasa nije kwangu, kwa sababu mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na nisipojichoma mwenyewe nitakuwa Mkia mwingine. Shangazi yangu aliishi Makambako, na kila mwisho wa mwezi nilikwenda kumsaidia kazi. Zawadi alilijua hilo. Ijumaa moja nilipotoka shuleni nilimkuta langoni, miguu imepauka kwa baridi, mfuko wa rambo mkononi. "Shikamoo dada Eva," akasema. "Marahaba." Akanipa ule mfuko. Ndani mlikuwa na sweta la bluu lenye kiraka cha kijani, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. "Dada kasahau sweta," akaniambia, "na Makambako kuna upepo."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, ulimi ninao, na wa kumwambia kweli alikuwa amesimama mbele yangu akinitazama usoni. Nikasema, "Nitampa." Basi. Barua niliisoma njiani. Dada, mbona hukuniaga? Mama mdogo hataki nikutaje. Mimi sijakukasirikia. Ukija likizo niletee karanga. Mtu mwenye akili angerudi pale pale akamtafuta mtoto yule. Mimi nilikwenda mpaka Makambako, nikakaa jikoni kwa shangazi, nikaiga mwandiko wa Lusungu uliolalia upande, nikaandika: sweta nimelipata, linanipa joto, soma kwa bidii, nitakuja. Na nilijiona mwema! Nilijiona mtu wa huruma kuliko walimu wote. Zawadi alipoipokea aliruka, akanishika kiuno, na mwezi uliofuata akaleta barua ya pili, halafu ya tatu. Alinieleza, yaani alimweleza dada yake, kwamba siku hizi anakula kidogo ili chakula kisipungue, labda mama mdogo atakubali dada arudi. Nilimjibu ale.

Sweta je? Langu lilikuwa limekwisha, viwiko vyote viwili vikichungulia nje, na mama alikuwa amesema tusubiri viazi vivunwe. Lile la Lusungu lilikaa chini ya kitanda siku tisa. Nikasema litaliwa na panya bure. Kwanza nililivaa ndani, chini ya langu, halafu asubuhi moja sakitu ilipozidi nikalivaa juu. Nilijiambia marehemu hana baridi. Hivyo mkuu wa shule alikuwa amechukua jina lake, Mkia amechukua dawati lake, nami nimechukua sweta lake na mwandiko wake. Tulikuwa tumegawana urithi, tena bila kugombana.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia sokoni Njombe, Jumamosi, mwezi wa tisa, kati ya magunia ya viazi. Zawadi alikuwa ametumwa chumvi. Nilimwona akija, nikamsubiri aniamkie kama kawaida, lakini hakuniamkia. Alikuwa anatazama kiwiko changu.

"Hilo si ulimpa dada?"

"Nilimpa. Kaniazima," nikasema. Tazameni ulimi wa mtu ulivyo mwepesi.

"Basi nipeleke nikamwone. Magari ya Makambako yale pale." Akanishika mkono, akaanza kunivuta, na mtoto alikuwa na nguvu. Mama mmoja muuza viazi akainuka kwenye kigoda chake, akatusalimu kwa lugha ya nyumbani. "Kamwene wanangu, mnagombania nini?" Zawadi akazidi kunivuta. Tulikuwa tumefika hatua kumi kutoka kwenye gari, konda anaita, "Makambako, Makambako, wawili tu!" na nikaona kabisa kwamba mtoto huyu atapanda, kama si leo basi kesho, peke yake, na atazunguka stendi ile yenye upepo akiuliza watu wasiomjua. Hapo ndipo nilipochuchumaa.

"Zawadi, dada yako hakuhama. Amefariki. Amezikwa Ipelele."

"Lini?"

"Mwezi wa sita."

Akahesabu kwa vidole. Alipofika kwenye kidole cha mwisho akanitazama. "Sasa barua nani aliandika?"

"Mimi."

Nilitegemea alie, ningemkumbatia na mambo yangekwisha kama yanavyokwisha kwenye hadithi za watu wapumbavu. Hakulia. Alisema neno moja, "Vua." Nikavua, katikati ya soko, nikabaki na blauzi nyembamba huku watu wakitazama. Akalikunja sweta vizuri, mikono ndani, akalibana kwapani akaenda zake. Chumvi hakununua.

Jumatatu mama yake mdogo alikuja shuleni. Mjinga mimi nikadhani amekuja kulalamika kuhusu barua. Thubutu! Alikuja kulalamika kwamba nimemwambia mtoto. Mkia alinipa viboko vinne na wiki mbili za kusafisha vyoo, akinieleza kwa upole kabisa kwamba nina mdomo mrefu. Adhabu pekee iliyotolewa kuhusu kifo cha Lusungu nilipewa mimi, na si kwa uongo wangu, bali kwa siku moja niliyosema kweli. Zawadi naye alichapwa, kwa sababu tulipokutana alikataa kuniamkia. Kwetu mtoto asiyemwamkia aliyemzidi umri hana adabu, na mama yake mdogo alimchapa mbele yangu kanisani, nje ya mlango, mara mbili, apate kusema shikamoo. Alisema, "Habari." Na mimi nilisimama pale nikitazama viatu vyangu.

Miaka imekwenda. Ninafundisha shule ya msingi Makambako. Kati yetu sote mimi ndiye niliyehamia kweli. Mengine yamebadilika, sikatai. Siku hizi shule zina mwalimu wa ushauri, viboko vimepungua, na nimewahi kuhudhuria maziko ya kijana aliyejiua ambapo mchungaji alikuja, akasimama na wafiwa, akalitaja jina lake. Nililia siku hiyo kuliko mama mzazi, watu wakanishangaa. Lakini msinidanganye kwamba kina Mkia wamekwisha. Mwaka juzi kijana wa sekondari jirani alipofariki kwa namna ile ile, mdogo wake akiwa darasani kwangu, mwalimu mwenzangu alipuliza chai yake ofisini akasema, "Watoto waambieni tu kahama." Kikombe kilikuwa kipya, uongo ulikuwa wa zamani. Nilisema niliyoyasema, na walimu wawili hawanisalimii hadi leo. Halafu nikaenda kumwambia mtoto, nikiwa na mama yake, na tulikaa naye mpaka maswali yakamwishia. Tangu hapo mtoto akiniambia amechoka naweka chaki chini. Namuuliza, umechoka mwili au umechoka moyo? Nangoja ajibu, hata kengele ikilia. Jambo likinizidi kimo namshika mkono tunakwenda pamoja kwa mtu anayeliweza. Si ushujaa huo. Ni kitu ambacho mtu wa miaka kumi na mitano angeweza kukifanya akiwa ameketi dawati moja na mwenzake.

Zawadi naye anaishi hapa hapa, ana duka la vitambaa na nyuzi karibu na stendi. Nikipita ananiambia, "Habari." Namjibu, "Nzuri." Miaka yote hiyo shikamoo yake sijaisikia, na sijaidai. Januari hii, siku ya kuandikisha darasa la kwanza, aliingia ofisini kwangu akiwa amemshika mkono binti mdogo mwenye miguu mirefu.

"Habari."

"Nzuri."

"Msalimie mwalimu," akamwambia mtoto.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Lusungu."

Nikaliandika kwenye daftari la mahudhurio, nikibonyeza kalamu hadi ikatoboa karatasi. Zawadi alisubiri nimalize. Aliinama akalisoma jina, herufi moja moja, kama mtu anayeukagua mwandiko. Kisha akamwachia mtoto mkono.

"Huyu anauliza sana," akasema. "Akikuuliza kitu, usimdanganye."

Akatoka. Hakuaga.