Kutu Niliyoiosha Kwenye Msalaba wa Shaba

Siku ya kwanza niliingia katika makumbusho yetu ya Kolwezi nikijiamini kupita kiasi. Nilitoka kiwandani, ambako nilipima shaba katika maabara miaka mingi. Kule, rangi ya kijani kwenye jiwe ilikuwa shaba inayosubiri kutolewa. Unamwaga asidi, inayeyuka, kazi imekwisha.

Mkuu wa makumbusho aliniwekea mezani misalaba mitatu midogo ya shaba, ya aina ambayo watu wa kale walizikwa nayo. Mama mmoja wa upande wa Lubudi aliifukua akilima, akatuletea tuitunze. "Mama, anza kuiangalia," aliniambia mkuu, akatoka. Mimi nikachukua asidi nyepesi. Aliporudi, msalaba mmoja uling'aa kama sufuria mpya.

"Ile rangi ya majani umeipeleka wapi?"

"Niliimwanga na asidi, Tata Mukubwa. Ilikuwa buchafu tu."

Hakunigombeza. Alinipa kioo cha kukuzia, akanisogezea msalaba wa pili. "Angalia mu kutu, Mama. Polepole."

Nikainama juu ya kioo. Ndani ya kutu mlikuwa na nyuzi, moja juu, moja chini: kitambaa cha rafia, kilichofumwa kwa nyuzi za majani. Mkuu alinieleza kwamba shaba ikiliwa na udongo, chumvi zake hupenya katika nguo inayoigusa. Nguo huoza, lakini kutu hubaki na umbo lake. Na mimi nilikuwa nimeimwaga kwenye sinki.

Wiki iliyofuata mama wa Lubudi alikuja. Aliutazama ule unaong'aa, akacheka. "Hii iko mupya! Yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii, Mama." Nikamweleza habari ya nyuzi.

Kicheko kilimkauka. "Basi umemuvula marehemu nguo."



Ninyi mnaoanza hapa makumbusho, msiogope kazi hii. Ile misalaba miwili niliisafisha kwa brashi laini na kijiti cha mti, udongo peke yake, nikitazama kwenye kioo kila mara. Hata ninyi mtaweza. Acheni macho yatangulie mikono.

Kila kitu katika makumbusho kina kadi ya hali yake. Kwa miaka yote kadi ya msalaba ule ilisema, kwa mwandiko wangu: "Umesafishwa. Hali nzuri." Siku ya kustaafu niliyafuta maneno hayo kwa mstari mmoja, nikaandika: "Hapa palikuwa na nguo ya marehemu. Niliiondoa mimi." Nikatia jina langu lote.