Mashavu ya Bi Harusi

Mjukuu wangu nilimlea mimi, mama yake alipofariki. Alikuwa mwembamba. Posa yake ilipojibiwa, somo yake, mwanamke aliyemfunda mambo ya ndoa, akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu tukimpeleka hivi, ukweni watasema kwenu kuna njaa."

Akamweka ndani, akamsugua mwili kwa msio, ule unga wa manukato, kama tulivyosuguliwa sote. Lakini alikuja pia na vidonge vidogo ndani ya karatasi.

"Vitamini tu, shoga. Bi harusi wote siku hizi wanakula."

Mtoto akavimeza kila siku, miezi yote ile mpaka harusi. Uso ukawa duara kama sahani, tumbo likatangulia, miguu ikabaki vijiti vilevile. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mashallah, mashavu hayo! Bwana harusi atapata pa kufinya!" Mimi sikupenda. Unene wa chakula naujua, haukai usoni peke yake.

Akaolewa kisiwani Jibondo. Vidonge havikumfuata, somo alisema kazi yake imekwisha.

Haukupita muda nikaenda kumtazama. Nikamkuta mkekani anatapika. Akisimama, kizunguzungu kinamrudisha chini. Mama mkwe wake anachekelea.

"Bi harusi wetu hakuchelewa! Mleteeni udongo na ndimu atulie."

"Amepimwa?"

"Apimwe nini, bibi wee? Kwani wewe hukuzaa?"

"Nimezaa. Mimba haimfanyi mtu ashindwe kushika kikombe."

Akanuna. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, waache. Wamefurahi."

Asubuhi yake maji yalikupwa, wanawake wenziwe wakamwita kwenye shamba la mwani, naye akaona haya kubaki. Walimrudisha wamembeba, kamba ya mwani imo mkononi, mwili baridi, jasho linamtiririka. Mama mkwe hakucheka tena. Tukamtia kwenye boti tukavuka. Njia nzima namwita, haitiki.

Hospitali tulipokewa na daktari, binti mdogo.

"Shikamoo bibi. Anatumia dawa gani?"

"Marahaba."

Mama mkwe akawahi. "Hatumii kitu, ana mimba."

"Alikuwa anakula vidonge vya kunenepesha," nikasema. "Baada ya harusi akaacha."

Daktari hakungoja zaidi. Wakamchoma sindano, wakamtundikia dripu. Mimba haikuwepo.

Alipofungua macho, daktari akanieleza. Juu ya kila figo kuna kitezi, kimekaa kama kofia. Hicho ndicho kinachotoa homoni ya kuupa mwili nguvu mtu akiugua au akichoka. Vidonge vile ni homoni hiyohiyo, ya kiwandani. Ukivimeza muda mrefu, tezi zinalala. Ukiviacha ghafla, mwili unabaki hauna chochote.

"Sasa tunampa nini?"

"Dawa ya namna ileile, bibi. Lakini kwa kipimo, tukipunguza kidogo kidogo. Asiache hata siku moja mpaka niseme mimi."

"Na hizo tezi zitaamka?"

"Za wengi huamka. Zake bado sijui."

Sasa yuko kwangu. Mumewe alikuja mwanzoni, siku hizi haji. Mashavu yamekwisha. Somo alipokuja kumjulia hali akagonganisha viganja, "Maskini, amekonda!" Nikamwambia, "Huyu ndiye uliyemkuta. Kaa umtazame vizuri." Hakukaa.

Kila asubuhi kabla ya chai namsimamia ameze. Lakini kwanza nasimama nje ya mlango wake, nasikiliza kama anapumua.