Rafiki yangu aliiba kimya changu, na mwizi nikaitwa mimi

Admini, ficha jina langu. Mke wangu anasoma hii peji kuliko anavyosoma Biblia.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, wa huku Runyenjes. Shule niliachia darasa la sita, na meno niliyobaki nayo yanatosha kuimba. Natunga nyimbo za kwaya. Rafiki yangu wa Kiambere pia anatunga. Tangu ujana, mimi nikipata wimbo namwimbia, yeye anaujaza besi. Yeye akipata wake, ananiletea nimwonyeshe pa kunyamaza, maana hicho ndicho kipaji changu. Katikati ya wimbo kwaya yote inakata, watu wanadhani tumesahau maneno, halafu besi zinaingia kutoka chini na akina mama wanalia.

Sasa sikieni unyama. Juzi kwenye mashindano ya kwaya Embu mjini, kwaya yake iliimba kabla ya yangu. Kufika katikati, kimya. Kimya changu, na urefu wake wote. Sisi tulipofika hapo tukanyamaza, watu wakacheka. Jaji, kijana wa tai nyembamba, akaniambia mbele ya wajukuu wangu, "Guka, babu yangu, siku nyingine utunge chako, usiige wengine."

Huyo rafiki ameketi pale anatafuna majani ya muguka kama mbuzi.

Nikamfuata nje. "Wewe mzee, huo mdomo ni wa majani tu?"

Akasema, "Na besi unazosifiwa nazo miaka yote, ulishawahi kusema ni za nani?"

Nikamwambia arudi Kiambere akaogelee na mamba wa bwawa lao.

Hasira haijashuka mpaka leo. Na ubaya ni kwamba tangu siku hiyo sijamaliza wimbo hata mmoja. Kila ninaoanza unakaa kama nyumba bila sakafu, na wazee wa kanisa wanataka wimbo wa kufungua kanisa jipya.

Jana akanitumia sauti kwa simu, bila hata salamu. Ni wimbo mpya, anauimba na hiyo sauti yake ya chura. Katikati anauliza, "Hapa ninyamaze ama niendelee?"

Niliusikiliza nikikamua ng'ombe mpaka maziwa yakamwagika. Jibu ninalo. Pa kunyamaza alishapapita, na hajui. Nikimwambia, ameniibia tena. Nisipomwambia, wimbo mtamu hivyo utaharibika.

Nishaurini, nifanye nini? Msiniambie nisamehe, hiyo pasta ameshasema, na pasta mwenyewe haimbi. Na mjibu haraka, maana huyo mjinga akikosa jibu ataendelea tu kuimba.