Mpaka Gunia Lishonwe

Kabla sijajifundisha kompyuta nilichambua mchele Bugarama. Kule muda wa kazi ulianza gunia la mchele mchafu likifunguliwa, ukaisha gunia la mchele safi likishonwa. Mwenye rundo safi juu ya turubai alikuwa bado hajamaliza.

Miaka mingi baadaye, katika chuo cha ufundi cha Kamembe, niliunganisha kwa nyaya kompyuta nane zilizotupwa, zifanye kazi kama mashine moja. Kompyuta kubwa za dunia hujengwa hivyo, na mojawapo ya njia za kuzipima ni kupanga: unazipa mamilioni ya mistari iliyovurugwa ziipange, kisha unaangalia saa.

Mkuu wa chuo, mama wa Bugarama, alikitaka chumba changu, ufunguo alishauchukua. Mtaalamu mmoja alikuwa ameleta kompyuta mpya ya kuwekwa humo. Tukakubaliana: faili moja, mashine mbili. Nikiachwa mbali, vyuma vyangu vinaenda kuyeyushwa.

Dakika ya tatu mtaalamu akasimamisha saa.

"Imeisha! Papa, yako iko inapanga ao iko inalala?"

"Mistari yako iko wapi?"

"Ndani ya memori."

"Basi gunia halijashonwa. Iandike kwenye diski."

"Mzee, bantu bote banapima hivi."

"Wapimaji wa kweli hawapimi hivyo. Kanuni nimezisoma na kamusi mkononi. Saa inaanza faili likisomwa kwenye diski, inasimama mstari wa mwisho ukiwa umerudi kwenye diski."

Mkuu akacheka. "Andika tu, enjenia. Mimi nimeshona hayo magunia."

Saa ikaendelea; diski moja ya mtaalamu ikaanza kuandika, taratibu. Zangu nane ziliandika kwa pamoja, kila moja fungu lake.

"Lakini yako ni mafaili nane!"

"Magunia nane, yana namba. Mchele ni uleule."

Yake ilimaliza dakika ya kumi na moja. Yangu, ya kumi na mbili na nusu. Nikahakiki zote mbili: hakuna mstari uliopotea, hakuna uliokaa pasipo pake.

"Umeshindwa, Papa."

"Kwa dakika moja na nusu. Andika hivyohivyo, usiongeze, usipunguze."

Mkuu alizitazama kompyuta zangu. Moja haina hata kifuniko.

"Hizi ndizo tulizozitupa?"

"Ndizo mlizozitupa, Maman."

Akanirudishia ufunguo. Karatasi ya matokeo niliibandika mlangoni, kushindwa kwangu kukisomeka wazi. Mgeni akija kunicheka, namuuliza kwanza saa yake huisimamisha wapi.